Nyumba si yetu, mapambo ni yetu

Mwanzoni mwa kiangazi jamaa moja ya Lubumbashi ilituita tuwasaidie kuhama. Baba ni mwalimu, mama ni mshonaji, na watoto wao ni watano. Vyombo vilipokwisha kutolewa nje, mwenye nyumba akaja kutazama vyumba. Alizunguka polepole, akihesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tisa. Yalikuwa matundu ya misumari, na kandokando ya kila tundu simenti ilikuwa imebanduka. Mahali palipobandikwa kalenda za miaka yote, chokaa ilikuwa imetoka pamoja na gundi.

— Mwalimu, kuta zangu ziko wapi?

— Baba, tumekaa humu miaka sita.

— Basi garanti ibaki hapa, itengeneze nyumba.

Garanti ile ilikuwa kodi ya miezi mitatu, naye mwalimu alikuwa amekwisha kumwahidi mwenye nyumba mpya fedha hizo hizo. Tuliketi uani juu ya magodoro yaliyofungwa kamba, hatuna la kusema.

Je, mwenye nyumba alikuwa na haki? Kwa matundu, ndiyo. Lakini alihesabu pia rangi ya mlango iliyopauka kwa jua, na kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa kila siku. Hapo alikosa. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, iliyowekwa tarehe 30 Julai 1888, yasema kwamba hali ya nyumba ikiwa imeandikwa, mpangaji huirudisha kama ilivyoandikwa, isipokuwa kile kilichoharibika kwa uzee au kwa nguvu isiyozuilika. Tena sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 yakataza kudai garanti ipitayo miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Twajua wako wenye nyumba wadaio miezi sita, hata kumi. Wakijua sheria, waache; wasipoijua, basi wameisikia leo.

Shida ya mwalimu wetu ni kwamba hakuwa na maandiko yo yote. Siku ya kuingia walipeana mikono, wakapeana fedha, basi. Nani sasa ataonyesha ni tundu gani lililokuwapo? Kwa hiyo, kabla ya kuingiza hata kiti kimoja, zungukeni nyumba pamoja na mwenyewe, wakati wa mchana, madirisha yakiwa wazi. Andikeni kila ufa, kila kioo kilichopasuka, kila doa. Fanyeni karatasi mbili, nyote wawili mtie sahihi, kila mtu ashike yake. Mwenye simu ya kupiga picha apige picha za kuta zote siku hiyo hiyo.

Wako watakaosema: afadhali kuacha kuta tupu, nyumba si yetu. Hatukubali. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya kupanga hana nyumba nyingine ya kukumbuka. Watu wa Katanga walilijua jambo hili zamani. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walitembeza picha zao mitaani, wakiziuza kwa bei ya mfanyakazi: mamba-muntu, nusu mwanamke nusu samaki, kijiji cha wazee, askari na mfungwa wa wakati wa Wabelgiji. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, mnamo miaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha mia moja hivi. Watu waliziita picha za ukumbusho, wakazitundika sebuleni ili wageni waulize na wazee waeleze. Nyingi zilichorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kilichokazwa kwenye mbao nyembamba. Picha ya namna hiyo ni nyepesi sana. Haihitaji msumari wa kushika paa!

Basi tutundikeje? Kwanza tuujue ukuta. Upitisheni mkono: ukibaki na vumbi jeupe, hiyo ni chokaa. Juu ya chokaa gundi yo yote ni adui, kwa maana haishiki ukuta, inashika chokaa tu, nazo huanguka pamoja. Hata uji wa unga, ambao mama wengi wanautumia, huacha doa na kuwaalika mende. Utepe wa gundi wafaa tu juu ya rangi ya mafuta iliyo ngumu na laini, na siku ya kuutoa usiuvute kuja kwako, bali uukunje na kuuvuta polepole sambamba na ukuta.

Kwa ukuta wa chokaa dawa ni kamba. Tafuteni misumari iliyokuwapo, kwa maana nyumba nyingi za kupanga zina urithi huo. Kama haipo, ombeni ruhusa ya kupiga miwili tu, juu kabisa, karibu na dari. Au, mbao za dari zikionekana, pigeni kwenye mbao. Hapo tundikeni ubao mrefu mwembamba, kisha mshushe kutoka kwake nyuzi za kushika picha zote za jamaa: harusi, marehemu babu, cheti cha ubatizo, mamba-muntu mkimpenda. Mnaweza kuzipanga upya kila mwaka pasipo kugusa ukuta. Msumari uwe mwembamba, wa chuma kigumu, upigwe taratibu, kwa maana pigo kubwa ndilo linalobandua simenti. Tena msipige hata mara moja juu au chini ya swichi ya umeme, wala kandokando yake. Waya hupita humo ndani, na hasara yake haihesabiwi kwa fedha.

Nyuma ya kila picha, kwenye pembe mbili za chini, bandikeni vipande vya kizibo ili hewa ipite. Msimu wa mvua kuta hunyonya maji, na picha iliyolala ukutani huota ukungu, nao ukuta pia. Sahani za shaba zilizofuliwa, ambazo mafundi wa Lubumbashi wanauza, ni nzito. Zisimameni juu ya kabati, zikiegemea.

Kuta huharibiwa pia na visivyotundikwa. Umeme ukikatika, mshumaa huwekwa mahali po pote, na asubuhi ukuta una ulimi mweusi mpaka juu. Uwekwe mezani, mbali na ukuta, hata ule unaowashwa mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Mbabula ikae nje, kwanza kwa ajili ya uhai wenu, maana hewa ya makaa huua watu waliolala. Viti vya sebuleni visiguse ukuta, maana vichwa vya wageni vyote vina mafuta. Vile vitambaa mama anavyofuma na kutandika juu ya migongo ya viti si urembo mtupu. Na miguu ya meza ivalishwe vipande vya nguo nzito. Mpira wa tairi huacha alama nyeusi sakafuni.

Kupaka rangi mpya ni jambo la mwenye nyumba. Akikubali, aandike. Na msipake rangi ya mafuta juu ya chokaa inayotoa vumbi, kwa maana itabanduka kama ganda la ndizi. Vijana wapendao kuta nyekundu watandike kikwembe kimoja kwenye kamba. Watapata wekundu wao, na wataukunja siku ya kuhama.

Tumrudie mwalimu. Mkuu wa mtaa aliwaketisha wote wawili. Mwalimu akanunua simenti kidogo na chokaa, na watoto wake wakubwa wakaziba matundu siku mbili. (Mmoja alitaka kuziba kwa dawa ya meno, ambayo ikikauka hupasuka.) Mwenye nyumba akaja, akapitisha mkono, akarudisha miezi miwili, wa tatu akaushika, nasi hatukufaulu kumgeuza.

Juma lililopita tuliwatembelea katika nyumba mpya. Ubao umetundikwa karibu na dari, picha kumi na moja zinaning'inia. Mama akatuletea karatasi yenye sahihi mbili, akatuonyesha mstari wa kwanza kabisa, ulioandikwa kwa mkono wa mwalimu: «Tundu moja la msumari, juu ya mlango wa jikoni. Tumelikuta.»