Gari Linachakaa, Mpagazi Hachakai

Kuna watu wanaoweza kukesha siku tatu wakilichafua gari lenye urefu wa sentimita tano. Siwacheki, hiyo ni kazi. Unaanza na rangi ya msingi. Halafu unapitisha hudhurungi uliyoizimua kwa maji hadi ikawa nyepesi kama strungi, itambae yenyewe kwenye maungio ya bati. Ikikauka unachukua brashi kavu, unagusa kingo tu. Kisha kipande cha sponji, chovya, futa kwenye karatasi, gonga gonga, na rangi inaonekana kama imebanduka. Kisha mstari mwembamba wa kutu chini ya kila msumari. Mwisho unga wa vumbi kwenye magurudumu. Ukimaliza, gari limeishi. Limenyeshewa, limekwama, limepigwa jua la Februari.

Sasa geuza macho kwa watu waliosimama kando yake. Kahawia moja. Kitambaa cheupe kiunoni. Mzigo kichwani. Basi.

Naongea juu ya vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, uraibu ambao Waingereza wameuenzi tangu hata kabla ya 1913, mwaka ambao H. G. Wells alichapisha kitabu chake cha kanuni za kupiganisha askari wa sanamu. Na naongea hasa juu ya wanaochagua vita vyetu: Tanga 1914, Salaita 1916, Rufiji 1917. Ndiyo, kuna watu Uingereza na Marekani, na wachache hapa Nairobi, ambao Jumamosi yao ni kumkimbiza von Lettow-Vorbeck mezani kwa kete. Mimi ni mmoja wa hao wachache. Nikikosa kazi ya kuandika, na mara nyingi naikosa, napakia watu vijisanamu kwa malipo.

Wengi hupaka vita hivi kwa milimita 15, yaani mtu ana kimo cha kucha ya kidole gumba. Hapo milimita moja ni kama sentimita kumi za kweli. Hesabu hii ndiyo kila kitu. Doa la rangi iliyobanduka la milimita moja ni jeraha la upana wa kiganja, kwa hivyo gari lako lenye madoa hamsini halijachakaa, limeugua ukoma. Changarawe ya milimita tatu kwenye kitako cha kijisanamu ni jiwe la mtu kukalia. Nyasi bandia za milimita sita zinampita mtu goti. Na kitu kidogo hula mwanga: rangi ile ile ikiwa juu yake huonekana nzito kuliko ilivyo, ndiyo maana ukitaka udongo uonekane mwekundu lazima uutie krimu kidogo. Kuna jamaa wanaochota udongo halisi, wanauchuja kwa kichujio cha chai, wanaukaanga kwa sufuria ili wadudu wafe, wanaubandika kwa gundi nyeupe ya mbao halafu wanajisifu kwamba ni wa kweli. Ni wa kweli, sawa, lakini gundi imeufanya mweusi na sasa ni matope. Upake tu.

Lakini upake rangi gani? Hapa ndipo ugomvi wangu unapoanza. Picha nyingi ninazoziona za Salaita zina kitako cha manjano, mchanga mtupu, kana kwamba vita vilikuwa Libya. Jameni. Panda matatu ya Voi kwenda Taveta, shuka popote, angalia viatu vyako. Ndovu wa Tsavo wenyewe ni wekundu kwa sababu wanajimwagia vumbi la pale. Na ukihamia Rufiji mapema 1917, mvua ilipogeuza bonde lote kuwa ziwa, hutaki vumbi hata chembe. Unataka tope zito, na juu yake vanishi inayong'aa ili lionekane bichi. Mtu anayebishana wiki nzima kuhusu kijani cha kofia ya Mjerumani halafu anamwaga mchanga wa manjano chini ya miguu yake ameshatuambia kipi anakiona na kipi hakioni.

Asichokiona zaidi ni mpagazi.

Vita vile vilibebwa kichwani. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo, barabara hazikuwepo, kwa hivyo risasi, unga, hema, hadi vipande vya mizinga vilisafiri kwa shingo za watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa wapagazi takriban 95,000 walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa maradhi, kuhara damu kukiwa mbele, na mojawapo ya sababu ilikuwa unga wa mahindi usioiva vizuri. Tunapita Kariokor kila siku bila kukumbuka kwamba jina hilo ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Niliacha chuo mwaka wa pili, usinidai tanbihi, lakini ripoti hiyo iko wazi na yeyote anaweza kuisoma.

Mwaka jana mteja mmoja aliniletea jeshi zima: askari wa KAR, magari mawili ya deraya, wapagazi ishirini na wanne. Magari alitaka yachakazwe "mpaka yalie". Wapagazi je? "Hao paka haraka haraka, ni alama tu ya chakula." Na kweli, katika kanuni alizotumia, mpagazi ni hesabu ya siku ngapi jeshi litakula. Akiisha, unamtoa mezani.

Najua jibu: ni mchezo tu, bana. Haya, ni mchezo. Kwa nini basi kutu inakukosesha usingizi? Uraibu huu unajivunia ukweli. Hauwezi kudai ukweli kwenye bati halafu ukifika kwenye ngozi ya mtu useme tulia, tunacheza.

Na si kwamba haiwezekani. Mbinu ni zile zile. Vumbi lipande kutoka kwenye kitako, rangi ile ile ya udongo kwa brashi kavu, zito kwenye nyayo, likififia hadi gotini, maana mtu huyu ametembea peku tangu Voi. Upindo wa blanketi uwe mweusi kwa umande. Kitambaa kisiwe cheupe, hakuna cheupe baada ya wiki mbili njiani, anza na kijivu-kahawia. Jasho ni mstari mwembamba wa rangi iliyozimuliwa kutoka shingoni kushuka uti wa mgongo. Ngozi ipakwe angalau rangi tatu tofauti kati ya watu ishirini na wanne, kwani hawakuzaliwa na mama mmoja. Na mmoja wao asiwe amesimama. Kata, pinda, mketishe kando ya njia, mzigo chini.

Wale wa mteja niliwapaka hivyo, usiku nne. Magari nikayapa usiku mmoja, yalilia kiasi chake. Alilipa, akanung'unika kwamba kuna mmoja amekaa na kanuni hazina nafasi ya mtu aliyekaa.

Bei yangu nimeibadilisha tangu hapo. Gari la deraya ni shilingi mia saba. Mpagazi ni mia tatu, sawa na afisa, na simpaki kwa kahawia moja.