Nguvu ya jeshi inaanzia kwenyi sufuria ya askari

Hapa kwetu Beni, ndege ya vita ikipita, watu wanaacha kazi na kuangalia juu. "Ni yetu ao ni ya adui?" Ikiwa ni yetu, watoto wanapiga makofi. Furaha hiyo tunaifahamu. Tangu 2023 inchi ilijipatia droni za CH-4 kutoka China, na kila mara wakubwa wa Kinshasa wanatuambia kama jeshi linazidi kupata nguvu.

Lakini kuna maswali ambayo wachache tu wanauliza. Askari anayelala ndani ya handaki kule Lubero, jana alikula nini? Bibi yake na watoto wako wapi? Mshahara wake wa mwezi uliopita ulimufikia? Mimi naona maswali hayo matatu yanapima jeshi kuliko hesabu ya droni.

Tukumbuke mwezi wa 7 mwaka wa 2024. Kanyabayonga ilikuwa imeanguka siku chache tu mbele. Korti ya kijeshi ikakaa Alimbongo, ndani ya Lubero, na kuhukumu askari 25 kifo kwa kosa la kukimbia adui. Ndani ya kesi hiyo walisimamishwa pia wanawake 4, raia, bibi za askari. Wao waliachiliwa. Watu wengi walizungumzia hukumu ya kifo. Mimi nilibaki nikifikiri juu ya wale wanawake.

Kila mtu wa huku anajua sababu bibi wa askari anafuata bwana wake mpaka karibu na mapigano: hana kwa kubaki. Kambi zimejaa ao hazipo, nyumba ya kupanga inaomba feza ya kila mwezi, na feza haionekani. Basi anafunga sufuria na blanketi, anabeba mtoto mgongoni, anafuata. Siku mabomu yanaanza kuanguka, askari huyo ana vita mbili: ya mbele yake, na ya watoto walio nyuma yake.

Sitetei mtu anayekimbia. Aliyekula kiapo sherti asimame. Lakini anayemutuma naye ana kiapo chake. Ni vizuri kwamba Machi 2025 Korti Kuu ya kijeshi ya Kinshasa ilianza kusikiliza majenerali juu ya kuanguka kwa Goma, kwa sababu haki inayoshika askari mdogo peke yake haijengi jeshi.

Juu ya mshahara, tuseme ukweli. Kwa miaka mingi askari wa kawaida alikuwa akipata karibu dola 100 kwa mwezi. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Ni kisha hapo, mwezi wa Machi, ndipo Rais Tshisekedi aliamuru mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Tunashukuru. Lakini ilikuwa kama kutafuta maji wakati nyumba imekwisha kuungua.

Tena, kuongeza mshahara ni jambo moja, kuufikisha ni jambo lingine. Zamani feza za batayo zilipitia mikononi mwa kamanda, na kwenyi liste kulikuwa majina ya watu wasioonekana. Tangu 2005 ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuhesabu askari na kutenganisha njia ya feza na njia ya amri. Kisha mishahara ikaanza kupitia banki. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini vijiji vingi vya mapigano havina banki. Askari aliye porini atachukua mshahara wake wapi, na nani atamupa ruhusa ya kuufuata?

Askari asiyefikiwa na mshahara anatafuta namna nyingine, na mlipaji ni sisi. Mama anayetoka shambani na mihogo, kijana wa pikipiki na gunia ya makala, wote wanajua bei ya bariera. Hasara kubwa inakuja kisha. Mkulima aliyenyanganywa leo hatamwambia askari kesho kwamba ameona wageni wakivuka mto. Hapa Beni, kwenyi ADF inaua watu mashambani, habari ya mkulima ni silaha. Jeshi linaloikosa linapigana macho yakiwa yamefungwa.

Wengine watasema: shida ni Rwanda, siyo sufuria. Ni kweli, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka wa 2024 kama askari wa Rwanda kati ya 3000 na 4000 walikuwa pamoja na M23. Lakini adui mwenye nguvu hivyo anahitaji askari wetu awe na tumbo lililoshiba na moyo uliotulia. Tulileta jeshi la Afrika Mashariki mwaka wa 2022, likarudi. Tukaleta la SADC, nalo likarudi. Disemba tarehe 4, 2025, marais walitia sahihi Washington. Siku 6 kisha, Uvira ikaanguka. Karatasi ni ya lazima, lakini haikai kwenyi handaki.

Basi wabunge wetu, mukija kuomba kura zetu, mutuletee majibu haya. Mishahara iliyoongezwa inawafikia walio mstari wa mbele kila mwezi, na ni nani anayehakikisha? Ni nyumba ngapi za familia za askari zimejengwa mbali na mapigano? Mjane wa askari anangoja muda gani mbele ya kupata haki yake? Hizo siyo siri za vita. Ni hesabu ya feza zetu.

Siku bibi wa askari atakaa na watoto wake mjini, wakisoma, wakila bugali kwa mshahara wa baba, bwana wake kule Lubero atakuwa na sababu ya kusimama. Siku hiyo, hata droni ikipita, tutapiga makofi bila mashaka.