Uyoga wa Wakati wa Mvua

Katika Katanga mvua hunyesha toka Novemba hata Aprili, nayo haituletei mahindi tu. Yatuletea na uyoga. Mama akiupika kwa unga wa karanga, na bukari ikiwa bado moto, nani atakawia kunawa mikono?

Uyoga ulio mkubwa kuliko yote huota juu ya vichuguu. Mchwa wenyewe huulima humo ndani, wapate kula. Mwavuli wake waweza kufikia upana wa meta moja: mmoja watosha jamaa nzima.

Lakini porini uyoga unaoliwa na ule unaoua huota karibu karibu, na sumu nyingine haiondoki hata ukipikwa kutwa. Mabibi zetu waujua kila mmoja kwa jina lake, kwa harufu yake, na kwa mti ulio jirani nao. Twaona vijana wengi wa mjini hawana tena maarifa hayo. Basi, enyi vijana, mchukulieni bibi kikapu, mkamfuate, mkamwulize. Msioujua, msiuchume. Nanyi akina mama, msiwafukuze watoto jikoni: atazamaye leo ndiye atakayetulisha kesho.