Ukuta Uko Wapi?

Kundi letu la wapiga picha hutoa mada kila Jumatatu asubuhi. Neno moja tu, halafu una siku saba za kuleta picha. Wiki mbili zilizopita neno lilikuwa Ukuta, na kufikia Jumanne jioni simu yangu ilikuwa imejaa kuta. Michoro ya rangi kutoka Nairobi. Matofali mekundu, msichana amevaa miwani, ameegemea. Kivuli cha mtu akipita. Fort Jesus mara nne, zote saa za jioni. Mimi nilileta nyasi.

Msimamizi akajibu: "Poa sana, lakini ukuta uko wapi?" Wasee wakacheka, picha ikaachwa nje ya orodha ya wiki. Sina kinyongo. Sawa, ninacho kidogo. Lakini nimelifikiria lile swali tangu siku hiyo, na naona ni swali zuri kuliko vile aliyeliuliza alivyodhani. Kwa hivyo acha nilijibu.

Ukitoka stendi ya Misikhu na boda kuelekea Webuye, unapita Lugulu, na ule mlima wenye mawe unaokufuata upande wa kushoto ni Chetambe. Huko juu kulikuwa na ngome. Si ya mawe. Ilikuwa ya udongo, na nje yake kulikuwa na handaki refu la kumzuia adui. Huku kwetu kujenga hivyo hakukuwa kitu cha ajabu. Wabukusu walikiita kijiji chenye ukuta wa aina hiyo lukoba, na ndani yake watu waliishi na ng'ombe wao na chakula chao. Ngome hii ina jina la Chetambe Ifile, Mtachoni, na hadi leo Watachoni na Wabukusu wanaweza kubishana kutwa nzima kuhusu nani alijenga nini na nani alijificha kwa nani. Mimi huo ubishi naupenda. Unaonyesha bado kuna mtu anayejali.

Agosti 1895 Waingereza walikuja kutoka Mumias. Charles Hobley alikuwemo, pamoja na askari wa Kisudani na wapiganaji kutoka Buganda na Wanga. Walipiga ngome ya Lumboka kwanza, kisha wakaja Chetambe. Mikuki na ukuta wa udongo dhidi ya bunduki za kisasa: matokeo unayajua bila kuambiwa. Waliouawa, mifugo iliyochukuliwa, watu waliotawanyika. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilikaa, na watu hawakuachiwa tena nafasi ya kujenga ukuta wa kujifungia wasitawaliwe.

Udongo usipokarabatiwa, mvua za huku kwetu haziuachi. Ukuta unarudi chini, handaki linajaa, nyasi zinaota. Ndiyo maana ukipiga picha pale leo unapata mwinuko mdogo, bonde dogo, na kijani kibichi. Yaani hiyo ndiyo picha ya ukuta. Ukuta ulioshindwa unafanana hivyo.

Sasa weka hapo pembeni Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa jiwe la matumbawe, ili wamiliki bahari isiyo yao. Imesimama. Tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Inapendeza, na mimi pia nimeshaipiga picha. Lakini kati ya zile picha nne, hakuna hata moja iliyoulizwa swali. Hakuna aliyesema "tueleze kwanza." Tuliielewa papo hapo kwa sababu tumeiona kwenye vitabu vya shule na kwenye matangazo ya utalii tangu utotoni. Ile kanuni inayopendwa sana kwenye kundi, kwamba picha nzuri inajieleza yenyewe, maana yake halisi ni kwamba kuna mtu alishakueleza zamani, ukasahau.

Utaniambia nakuza mambo, kwamba hata kuta za wenyeji zinatambuliwa. Kweli, Thimlich Ohinga kule Migori iliingia kwenye orodha hiyohiyo mwaka 2018, na nilifurahi kama vile ni kwetu. Lakini ile ni ya mawe! Imebaki mtu anaweza kuigusa. Watu waliojenga kwa udongo, miti na nyasi, nao ni wengi sana katika nchi hii, watapigiwa picha ya nini? Tukikubali kwamba mada inajibiwa na kile kinachoonekana tu, basi tumekubali kwamba historia ni ya yule aliyekuwa na jiwe karibu, au bunduki.

Niseme pia upande wangu si msafi. Kabla ya kupanda Chetambe nilijaribu njia rahisi. Jirani yetu alikuwa anakanda ukuta wa jikoni lake, udongo na kinyesi cha ng'ombe, mkono unazunguka kama anachora. Mwanga ulikuwa mtamu. Nikatoa simu, nikapiga tatu haraka haraka. Akageuka, mkono umejaa tope.

"Hiyo unapelekea nani?"

"Ni ya kundi tu, mama. Tunafanya mada ya ukuta."

"Na wao kwao hawana kuta?"

Nilizifuta mbele yake. Nikamwomba radhi, akanipa ndoo nimletee maji. Nilipokuwa nabeba maji ndio alianza kuniambia vitu ambavyo picha yangu isingejua: kwamba udongo wa kumalizia hauchimbwi popote tu, kwamba mvua ikizidi anarudia upande mmoja, kwamba wanawe wanataka wamjengee ya matofali na yeye anawaambia wajenge, lakini jikoni lake waliache. Kama ningeziposti zile tatu, najua zingepata mioyo mingi. "Maisha halisi ya kijijini." Hiyo ni aina nyingine ya uvivu, na hata inaniudhi zaidi kwa sababu huwa inafanywa na sisi tuliozaliwa hukuhuku, kwa ajili ya watu wasiojua tofauti ya Misikhu na Matisi.

Kuna ukuta wa tatu ningeweza kuuleta, nao unaonekana vizuri kabisa. Tembea sokoni uangalie maduka. Ukuta mmoja kijani cha kampuni ya simu, unaofuata rangi ya soda, mwingine rangi ya simiti. Mwenye duka hakununua rangi, alitoa tu ukuta. Mtoto wa hapa anaweza kukuchorea nembo ya kampuni bila kukosea mstari, na hajui kwamba watu wa kwao waliwahi kujenga ngome. Simlaumu. Ngome haikupakwa rangi ya bure.

Kwa hivyo, msimamizi, nakuomba kitu kidogo. Ukitoa neno, liache liwe swali. Mtu akileta nyasi, muulize kilichokuwa hapo kabla hujacheka. Akishindwa kujibu, mtoe, hata mimi nitakuunga mkono, maana kuna watu wanapiga chochote halafu wanatafuta maelezo baadaye. Lakini akijibu, sikiliza hadi mwisho. Mistari mitatu chini ya picha haiui picha.

Wiki hii mada ni Paa. Tayari nimeona machweo matatu juu ya magorofa ya Kilimani. Mimi Jumamosi nashuka Webuye. Kile kiwanda cha karatasi kilianza kuzalisha 1974 na kikafungwa 2009, na kwa miaka mingi wakazi walilalamika kwamba moshi wake unakula mabati. Kuna mzee mmoja hajawahi kubadilisha ya kwake. Anasema asubuhi ukiingia ndani jua linapita kwenye matundu kama nyota. Nimeshampigia simu kuomba ruhusa. Amesema nije, ila nije mapema, kabla ya saa mbili, na nisimletee mkate, nimletee sukari.