Bustani za zamani si mali ya Wabelgiji, ni mali ya raia

Kila mara bustani za mimea za zamani zinapotajwa hapa Kongo, kuna watu wanaosema: hizo ni kazi za Wabelgiji, ziache zife. Wengine wanaongeza kwamba nchi yenye vita na wakimbizi wa ndani haina nafasi ya mambo ya maua. Maneno hayo yanawafurahisha zaidi wale wanaotaka ardhi hiyo ikatwe viwanja na kuuzwa.

Tazama mifano miwili. Bustani ya Eala, pembeni ya mji wa Mbandaka, ilianzishwa mwaka 1900. Kwa miaka mingi imekosa pesa, na miti yake imekatwa ili kupata kuni na makaa. Bustani ya Kisantu, katika Kongo ya Kati, iliyoanzishwa na Bruda Justin Gillet, Mjesuiti, nayo iliachwa muda mrefu. Lakini kuanzia mwaka 2004 kazi ya kuifufua ilianza, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na bustani ya Meise ya Ubelgiji. Leo familia kutoka Kinshasa huenda huko kupumzika, na wanafunzi hujifunza majina ya miti.

Zote mbili zilianzishwa wakati wa ukoloni. Basi ukoloni si sababu ya moja kufa na nyingine kupona. Sababu ni kazi na pesa.

Tena, Bruda Gillet hakuchimba mashimo yote peke yake. Wakongomani ndio waliochimba, wakabeba maji na kulinda miche. Majina yao hayatajwi, lakini jasho lao limo katika udongo ule. Kuiacha bustani iharibike ni kuwanyima wajukuu wao urithi.

Kwa familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru au Kalehe, jambo hili si la mbali. Mama anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Mbegu za maharagwe hubaki nyumbani, zikaibwa au kuungua. Siku ya kurudi, shamba lipo lakini hana cha kupanda. Bustani yenye kitalu kinachofanya kazi ingeweza kumtunzia mbegu na miche ya kwao, pamoja na dawa za miti ambazo wazee wanazijua.

Kuna pia wanaowalaumu wakimbizi kwa kukata miti. Ni kweli, miti inakatwa. Lakini mtu aliyepewa unga bila kuni atapika na nini? Anayetaka kuokoa miti ya zamani apande kwanza mikaratusi na grevilea kando yake, kwa ajili ya jiko.

Viongozi wanaosema wanapenda urithi wa nchi waonyeshe kwa matendo. Waweke mipaka ya bustani wazi na kukataza uuzaji wa viwanja ndani yake. Wawalipe walinzi na watunza bustani kila mwezi. Wawape vijana waliohama kazi ya kitalu yenye mshahara, na kuwaita wazee wawafundishe majina ya miti kwa lugha za kwao, kabla wazee hao hawajaondoka nayo.