Soma Kikomo Kabla ya Kuwasha Gari

Wenye magari wa Kirumba, Mwanza, sikilizeni.

Fuso za dagaa zinatoka soko la Mwaloni. Hiace zinagombea abiria. Bodaboda zinapenya katikati. Siku ya mechi uwanja wa CCM Kirumba, watu wanamwagika barabarani. Hapo kosa dogo linamvunja mtu nyonga.

Nani atalipa?

Wengi hujibu: bima. Wamekata bima ndogo, ile ya shilingi 118,000 kwa gari dogo la binafsi. Trafiki akihakiki, iko hai. Wanaondoka wametulia.

Wasitulie.

Bima ndogo hailipi gari lako hata senti. Inamlipa uliyemgonga, kwa masharti ya mkataba na hadi kikomo cha mkataba. Kinachozidi kikomo ni deni lako.

Lako. Si la kampuni.

Majeruhi atadai matibabu, kipato alichopoteza na maumivu. Ana miaka 3 ya kufungua madai. Akishinda, hukumu inaweza kukazwa ndani ya miaka 12. Miaka 12 kiwanja chako na gari lako viko mbele ya dalali wa mahakama.

Kenya wameweka kikomo ndani ya sheria yenyewe: shilingi milioni 3 za Kenya kwa dai la mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, ziada inamwangukia mwenye gari.

Hatari ya pili ni matumizi. Gari la bima ya binafsi likipiga mchomoko, yaani likibeba abiria wa kulipa, limetoka nje ya mkataba. Kampuni inaweza kukataa dai, au ikamlipa majeruhi kisha ikakugeukia wewe. Dereva mlevi au asiye na leseni, vivyo hivyo.

Fanya haya wiki hii.

Dai mkataba wenyewe. Stika haitoshi.

Tafuta vikomo viwili: cha kuumiza watu na cha kuharibu mali. Ukiona ni vidogo, uliza bei ya kuviongeza. Hata bima kubwa (comprehensive) ina vikomo hivyo. Visome.

Taja matumizi ya kweli, hata kama bei itapanda.

Hakiki bima yako kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, mtandaoni. Wakala wa kijiweni anaweza kukuuzia hewa.

Ukigonga, ita polisi, kisha ijulishe kampuni. Usiandikishane malipo na mtu kabla ya hapo.

Kikomo huongezwa kabla ya ajali. Baada ya ajali hakuna wa kukuuzia.