Akina Baba, Jumamosi Hii Tokeni na Watoto

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua mapacha. Baba ilimpa angalau siku 3. Hizo zinaishia kwenye korido za hospitali, kununua beseni na kupokea wageni. Baada ya hapo baba wa Mbagala au Kimara anatoka alfajiri mtoto amelala, anarudi usiku mtoto kalala tena. Mtoto anaota meno baba akiwa kwenye foleni. Zinabaki Jumamosi na Jumapili, na nawaomba akina baba wenzangu: tutoke na watoto wetu, tutoke na mama zao.

Mama ndiye anayenisukuma kuandika. Arobaini imeshapita, wageni wameacha kuja, na yeye bado anashinda chumbani na feni, nepi na kichanga. Akisema anataka kutoka, anaambiwa mtoto bado mdogo, kuna jua, kuna vumbi, kuna watu wenye jicho baya. Jua na vumbi ni kweli vipo, ila dawa yake ni kuchagua saa na mahali. Kumfungia mama ndani miezi sita si kumlinda mtoto. Mama naye anahitaji kuona watu na kucheka na mtu mzima mwenzake.

Kwa hapa Dar es Salaam, asubuhi ndiyo saa ya watoto. Nendeni Coco Beach saa moja ya Jumapili, kabla umati haujajaa na moshi wa mishikaki haujatanda, upepo wa bahari ungali wa baridi. Jua likianza kuchoma, fungasheni. Mkitaka kivuli cha muda mrefu zaidi, kipo Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1967 kuonyesha nyumba za asili za makabila yetu. Kichanga hatajali nyumba ya Mhaya wala ya Mgogo. Atakodolea macho majani yanayocheza juu yake, na hayo yanamtosha kabisa. Mfuko ukiwa mtupu, mkeka chini ya mwembe kwa bibi yake nao ni matembezi.

Na tukitoka, baba ambebe mtoto. Mwanamume mwenye mbeleko bado anageuziwa shingo mitaani, na wengi wetu tunaona haya. Niliwahi kumwona kijana kwenye pantoni ya Kigamboni, mtoto kamfunga kifuani kwa kitenge, fundo limekaza begani, miguu ya mtoto imekumbatia tumbo lake, na uso uko wazi, hewa inapita. Kila baada ya muda anainamisha kichwa kusikiliza kama anapumua vizuri. Mkewe amesimama pembeni anakula muhindi wa kuchoma kwa mikono yote miwili, polepole, bila kukatishwa na mtu. Sijui mara ya mwisho alikula hivyo ilikuwa lini. Hicho ndicho ninachowaombea wake zetu wote.

Mambo machache ya afya, maana hapa mapenzi yanaweza kudhuru. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji hata joto liwe la Februari. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, kinachotakiwa ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi. Asiachwe kwenye jua la moja kwa moja. Na jamani, tuache kuwavalisha watoto sweta, kofia na soksi saa sita mchana ati wasipatwe na baridi! Mguse shingoni kwa nyuma: kukiwa na jasho, mpunguzie nguo. Rudini kabla ya magharibi, mbu wa malaria hawajaanza kazi yao. Bodaboda si chombo cha kumpakia mtoto mchanga, hata kama safari ni ya hapo kwenye kona tu.

Familia zitatoka zikijua zitapokelewa, kwa hiyo sisi wengine nasi tuna sehemu yetu. Kwenye Mwendokasi, kijana uliyekaa, usijifanye umelala mwenye mtoto anapoingia. Mama akinyonyesha kwenye bustani au mgahawani, mpe nafasi na uyaondoe macho. Mtoto anakula kama unavyokula wewe. Madiwani wetu, kila uwanja wa wazi uliobaki mtaani upandwe miti na uwekwe mabenchi, usigeuzwe fremu za maduka. Wenye migahawa na kumbi, hatuwaombi chumba cha kifahari. Tunaomba meza imara kwenye kona safi, bomba linalotoa maji, sabuni, na pipa la nepi lenye mfuniko. Tena iwekwe mahali ambapo baba naye anaweza kuingia, si ndani ya choo cha wanawake peke yake.

Na makonda wa daladala: mama au baba akipanda na kichanga, mtafutieni siti kwanza, kisha mwambieni dereva asiondoe gari mpaka amekaa na kumshika mtoto vizuri.